Mzigo wa Shasha na Kalori za Simu

Mama anayetoka shambani Shasha, kwenye barabara ya Goma na Minova, jioni hubeba mzigo wake kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mgongoni ana muhogo, juu ya muhogo kuni. Anapanda kilima ameinama, mikono yote miwili imeshika kamba karibu na masikio. Mvalishe saa ya kuhesabu hatua, ya aina zinazouzwa Goma pamoja na simu, halafu akifika nyumbani usome saa inasema ametumia nguvu kiasi gani. Jibu litatoka papo hapo, lakini halitakuwa lake.

Ndani ya saa hizo, na ndani ya simu yenyewe, kuna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko. Mkono ukipepea, kinahesabu hatua. Mkono ulioshika kamba haupepei, kwa hiyo hatua nyingi hupotea. Kilima huenda kikaonekana, ikiwa simu ina kipimo cha mwinuko, ila kilo 30 za muhogo hazionekani kabisa. Geuza upande wa pili: aliyekaa kivulini anatwanga sombe (majani ya muhogo) anaweza kuandikiwa matembezi. Kijana anayeshuka na chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) lenye magunia ya makaa kutoka vilima vya Masisi huandikiwa chochote kile, maana hakuna aliyewahi kuifundisha saa chukudu ni kitu gani.

Baada ya mtikisiko inakuja hesabu, na hapa ndipo wengi wanaotaka kupunguza uzito wanapoingia mkenge. Mwaka 1993 mtafiti Barbara Ainsworth na wenzake huko Marekani walichapisha jedwali la kazi na mazoezi ambalo hadi leo ni msingi wa programu nyingi za simu. Kila kazi imepewa alama kulingana na inavyozidi kupumzika tu. Kukaa kimya ni 1, maana yake takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kutembea kwa mwendo wa kawaida ni kama 3.5. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima, programu huzidisha 70 kwa 3.5 na kumwandikia kalori 245. Hesabu ni sahihi, ila ndani yake zimo kalori 70 ambazo angezitumia hata kama angelala kitandani. Kilichoongezwa na matembezi ni 175. (Kalori ninayoitaja hapa ni ile ya pakiti za vyakula: joto linalopandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja.)

Hata jumla yenyewe hukosewa, na kosa si dogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima saa saba za mkononi. Nyingi zilipima mapigo ya moyo vizuri. Kwenye kalori hakuna hata moja iliyofaulu: iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Hao waliopimwa walikuwa wakitembea, wakikimbia na wakiendesha baiskeli za maabara. Hakuna aliyebeba gunia kwa paji la uso.

Lakini mzigo wa paji la uso umewahi kupimwa, tena karibu na kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Maloiy, Heglund, Taylor na wenzao, waliowapima nchini Kenya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wanawake wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba ya paji, mtindo uleule wa Kivu. Waliwatembeza juu ya mkanda unaozunguka, wakipima oksijeni wanayoivuta. Mzigo ulipofikia sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, oksijeni haikuongezeka. Askari wenye mikoba mgongoni hulipia kila kilo. Mama hawa walibeba kilo za mwanzo bure. Mwaka 1995 kundi hilohilo likaeleza sababu: kila hatua mwili huinuka na kushuka, na wanawake hao huirudisha nguvu ya kushuka kwenye kuinuka vizuri zaidi kuliko watu wasiozoea mzigo. Vipimo vya baadaye huko Afrika Kusini havikuwakuta watu wote na uwezo huo, watu walitofautiana sana. Jambo moja liko wazi hata hivyo. Namba moja haiwezi kuwatosha wabebaji wawili, sembuse wote wanaopita njia ya Shasha.

Tuvuke sasa hadi Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, kwa sababu pale ndipo ilipotoka habari iliyoitikisa zaidi biashara nzima ya kuchoma kalori. Mtafiti Herman Pontzer, akiwa na wenzake akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwapima Wahadzabe 30, wanaume kwa wanawake, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Hawakutumia saa. Waliwapa maji ya kunywa ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kidogo kuliko ya kawaida, kisha wakapima mkojo kwa siku kadhaa. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake. Oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa chafu tunayoitoa tukipumua. Tofauti ya kasi zao inaonyesha hewa chafu kiasi gani imetengenezwa, na kwa hiyo chakula kiasi gani kimeteketezwa. Hakuna njia bora kuliko hiyo ya kumpima mtu akiwa katika maisha yake.

Matokeo yalitoka mwaka 2012. Wanaume wa Kihadzabe walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitegemea kuona matumizi makubwa ya nguvu. Wanaume walitumia kalori 2,649 kwa siku, wanawake 1,877. Ukizingatia ukubwa wa miili, hayo ni sawa na karani wa Marekani anayeshinda kwenye kiti. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti: mtu akizoea kutembea sana, mwili hubana mahali pengine, kwenye uvimbe wa ndani, kwenye homoni, kwenye mihangaiko midogo isiyoonekana. Wataalamu bado wanabishana ubanaji huo unafika wapi. Ila mwaka 2025 kundi kubwa la watafiti, Pontzer akiwemo, liliweka pamoja vipimo vya aina hiyo vya watu zaidi ya 4,200 kutoka jamii 34 za mabara sita, na ikaonekana kwamba unene wa nchi tajiri unatokana zaidi na kinacholiwa kuliko na uvivu.

Kwa hiyo tuingie jikoni. Programu hukuuliza: umekula nini, gramu ngapi? Hilo swali limetungwa kwa mtu anayekula peke yake, kwenye sahani yake, chakula kilichotoka kwenye pakiti. Katika nyumba nyingi za Kivu bugali huwekwa katikati na mikono mitano huchota. Nani atapima tonge? Hata ukipima, kuna mtego. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina kalori kama 340. Unga huohuo ukisongwa kwa maji unakuwa bonge la gramu 300 hivi, na gramu 100 za bugali zinabaki na kalori kama 110. Anayechagua mstari wa unga kwenye orodha ya programu wakati amepima bugali, amejiandikia mara tatu. Samaki wadogo wa sambaza ni hivyohivyo: kumpima mkavu na kumwandika mbichi ni hesabu mbili za mbali, kwa sababu jua limetoa maji na kuacha chakula.

Afadhali majedwali ya kwetu yapo. Tanzania ilitoa lake mwaka 2008, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya ikatoa lake mwaka 2018 pamoja na FAO. Humo kuna kisamvu, dagaa, ugali wa aina kwa aina. Mkongomani atapata humo mengi anayoyala, ingawa kiasi cha mawese kinachomwagwa kwenye sombe hakuna jedwali linalokijua. Na mawese ndiyo yenye uzito katika hesabu hii. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120. Vijiko viwili vya ziada vinafuta ile saa nzima ya matembezi, na zinabaki kalori nyingine za kudai. Chupa ya bia ya sentilita 72 ni kalori 300 hivi, peke yake, kabla ya mshikaki.

Na sisi wenyewe tunasahau. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti juu ya watu waliodai kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa kwa yale maji mazito, ilibainika kwamba waliandika karibu nusu tu ya walichokula, na mazoezi yao wakayazidisha kwa nusu. Hawakuwa waongo. Tonge la kuonja, karanga za njiani, chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari: vitu hivyo havikai kichwani.

Hata hivyo nisingemwambia mtu aitupe programu. Kuandika unachokula husaidia, na tafiti nyingi zimekuta kwamba wanaoandika mara kwa mara hupungua zaidi. Faida imo katika kuandika, na daftari la mwanafunzi linaitoa pia. Kifaa ghali hakiongezi sana: katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2016, vijana wapatao 470 wote walipewa mwongozo wa chakula na mazoezi, nusu wakaongezewa kifaa cha kuvaa. Baada ya miaka miwili wenye kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5, wasio nacho 5.9.

Kuna kalori nyingine zinazohesabiwa kwenye barabara ya Shasha, na msomaji wa Goma anazijua. Mashirika ya misaada hupanga mgao kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na fedha zikipungua mgao hukatwa. Mwanzoni mwa Februari 2024 wapiganaji wa M23 walipofika Shasha, barabara kati ya Goma na Minova ilikatika, na chakula cha Masisi kikalazimika kutafuta njia ya mitumbwi na maboti. Pale kwenye kituo cha afya muuguzi huzungusha utepe kwenye mkono wa mtoto. Ukisoma chini ya milimita 115, rangi ni nyekundu, na mtoto mwenye umri wa miezi sita na kuendelea hupewa pakiti za siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini: gramu 92, kalori 500. André Briend, daktari Mfaransa, ndiye aliyeibuni pamoja na Michel Lescanne mwaka 1996.

Habari hizi mbili, ya njaa na ya kitambi, hukutana ndani ya mtu mmoja. Hospitali ya watoto ya Lwiro, Kivu Kusini, imewatibu watoto wenye bwaki, yaani utapiamlo mkali, kwa miaka mingi. Pacifique Mwene-Batu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na wenzake wakawatafuta waliotibiwa kati ya 1988 na 2007, sasa watu wazima, wakawalinganisha na majirani zao ambao hawakuugua. Walioonja bwaki utotoni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya mafuta ya tumboni na ya mkusanyiko wa yale matatizo yanayofuatana nayo: sukari, shinikizo la damu, mafuta mabaya kwenye damu. Mashariki ya Kongo imejaa watu wazima wenye utoto wa namna hiyo. Mtu kama huyo anaweza kuonekana wa wastani kwenye mizani na programu ikampongeza, huku tumbo likiendelea kujaa.

Ndiyo maana kipimo ninachokipa kura yangu ni utepe wa fundi cherehani. Uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, baada ya kutoa pumzi. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, punguza mawese, sukari na bia kabla ya kununua saa, na mwone muuguzi apime sukari na shinikizo. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari wasijipunguzie chakula bila ushauri wake. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo, kwa sukari na kwa usingizi, kwa hiyo tembea. Na kama unayo programu tayari, ingia kwenye mipangilio na uzime sehemu inayokurudishia kalori za mazoezi ili uzile jioni. Hizo nyingi hukuzitumia.