Pawasaplai na Nyaya za Kompyuta ya Gemu

Pawasaplai ni kijisanduku cha chuma kinachopokea stima ya ukutani, ambayo nchini Kenya ni ya volti 240, na kuigeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya michoro ndizo hula sehemu kubwa ya umeme wa kompyuta ya gemu, na zote mbili hulishwa na volti 12. Kwa hiyo uwezo wa njia ya volti 12 ndio uwezo halisi wa pawasaplai, hata kama kibandiko kina tarakimu kubwa zaidi.

Kibandiko chenyewe husema ukweli kikisomwa chote. Pawasaplai ya bei rahisi inayouzwa pamoja na kesi huweza kuandikwa 500W kwa herufi nene, ilhali katika jedwali lililo chini yake volti 12 zimepewa ampea 18 tu. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati: 12 mara 18 ni wati 216, na huo ndio umeme utakaoifikia prosesa na kadi. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 huonyesha ampea 45 hivi kwenye safu hiyohiyo. Anayenunua dukani Sagana, Karatina au Nyeri mjini ana haki ya kuigeuza pawasaplai na kusoma jedwali hilo kabla ya kutoa pesa, na muuzaji asiyetaka igeuzwe amekwisha kujibu swali.

Hesabu ya mahitaji si ngumu. Tuseme prosesa ni Core i5-12400F, ambayo ikisukumwa hufika wati 117, na kadi ni RTX 3060 ya wati 170. Ubao mama, kumbukumbu, diski na feni zikitengewa wati 50, jumla ni 337. Kadi za kisasa hupandisha mahitaji ghafla kwa vipande vidogo vya sekunde, ndiyo maana NVIDIA, iliyoibuni kadi hiyo, hupendekeza wati 550 kwa ajili yake. Kununua wati 1000 kwa mashine kama hii ni kulipia uwezo usiotumika. Tofauti hiyo ya bei ingefaa zaidi ikiwekwa kwenye kadi.

Nembo ya 80 Plus hupima kitu kingine, yaani kiasi cha stima kinachopotea kuwa joto. Kwa umeme wa volti 230, pawasaplai ya daraja la Bronze iliyobeba nusu ya mzigo wake hufikisha asilimia 88, na ya Gold asilimia 92. Mashine ya wati 337 ikitumiwa saa nne kila siku, pengo hilo ni kama yuniti mbili za tokeni kwa mwezi. Si nyingi. Faida kubwa ya daraja la juu huwa ni kwamba vipuri vya ndani navyo kwa kawaida ni bora, ingawa nembo haiapi hivyo.

Vijana wengi wa miji ya Mlima Kenya hawaanzi na mashine mpya. Huanza na Dell au HP ya ofisi iliyotoka Uingereza ikiwa imetumika, kisha huongeza kadi ya michoro. Hapo pawasaplai huwa ndiyo kikwazo cha kwanza. Dell OptiPlex 9020 ya kesi kubwa huja na wati 290, na waya mkuu wa ubao wake una pini 8 badala ya 24 za kawaida. Pawasaplai ya dukani haiingii bila kiunganishi maalumu. OptiPlex 7010 ya kesi kubwa, ambayo ni ya zamani kidogo, bado inatumia pini 24, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kuiboresha. Asiyetaka kugusa pawasaplai anaweza kuchagua GTX 1650 ya wati 75 isiyo na tundu la waya wa ziada, kwa kuwa nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 zenyewe.

Kwenye nyaya ndiko vifaa vingi hufia. Waya wa kadi wenye pini 6 umeruhusiwa kubeba wati 75, wa pini 8 wati 150, na ule mpya wa pini 16 hadi 600. Plagi ya diski ya SATA, kwa upande wake, ina pini tatu za volti 12, kila moja ya ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla. Hata hivyo madukani huuzwa kiunganishi kinachotoa umeme wa SATA na kuupeleka kwenye tundu la kadi la pini 6. Kadi ikidai wati zake 75, plastiki hulainika na kuyeyuka. Kiunganishi hicho hakifai kununuliwa hata kwa bei ya bure.

Waya wa prosesa na wa kadi zote huweza kuwa na pini 8, lakini volti 12 na ardhi zimepangwa kinyume. Wa prosesa hugawanyika nne kwa nne, wa kadi sita kwa mbili. Plagi isiyotaka kuingia isilazimishwe.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye pawasaplai ambazo nyaya zake huchomolewa. Upande wa kifaa umesanifishwa duniani kote, lakini upande wa pawasaplai haujasanifishwa. Kila kiwanda hupanga pini kinavyotaka, na wakati mwingine hubadilisha kutoka toleo moja hadi jingine. Waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa, ukapeleka volti 12 mahali pa volti 5, na diski ikafa papo hapo pamoja na kila kilichohifadhiwa ndani. Fundi anapobadilisha pawasaplai anapaswa kutoa nyaya zote za zamani, hata zinazofanana.

Kisha kuna stima yenyewe. Sagana iko jirani na mto unaozalisha umeme, na kampuni ya umeme ya KenGen ina kituo kidogo cha megawati 1.5 kwenye mto huo, lakini ukaribu huo hautulizi volti za nyumbani. Kinu cha kusaga mahindi au mashine ya kuchomelea ikiwashwa kwenye transfoma ileile, volti hushuka. Mvua za masika huangusha matawi juu ya nyaya. Pawasaplai inayokubali volti 100 hadi 240 bila swichi huvumilia mishuko hiyo. Zile zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 lazima zikaguliwe kabla ya kuwashwa, kwani ikiwa kwenye 115, stima ya Kenya hupasua kapasita za ndani mara moja. Betri ya akiba, yaani UPS, nayo isomwe kwa wati: iliyoandikwa VA 650 mara nyingi haifiki wati 400.

Mwisho ni waya wa ardhi. Pawasaplai ina kapasita za kuchuja kelele zilizounganishwa na kesi, na ekstensheni isiyo na ardhi huiacha kesi ikiwa na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ila mkono wenye jasho huusikia ukitekenya. Dalili hiyo hutibiwa kwa fundi wa stima kurekebisha soketi. Pawasaplai mpya haitaiondoa.