Dumuzi Akaaye Katika Miti ya Ghala

Mkulima wa Merigi, katika Kaunti ya Bomet, akiona unga umemwagika chini ya ghala lake, mara hukimbilia mahindi. Huyaanika, huyapepeta na kuyatia dawa. Afanya vema. Lakini nguzo na mbao za ghala hazitazami, na kumbe huko nako adui aweza kukaa.

Mdudu huyu huitwa dumuzi. Asichanganywe na fukusi, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi ana rangi ya kahawia iliyoiva, urefu wake ni milimita 3 au 4, na umbo lake ni la mviringo kama kipande cha kijiti. Kichwa chake kimefichwa chini ya kifua, hata ukimtazama kwa juu utadhani hana kichwa.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ukoo wake ni wa wadudu wapekechao miti, naye mpaka leo huishi msituni katika miti mikavu. Mapema katika miaka ya 1980 alitambuliwa Tabora, Tanzania, ambako watu walimpa jina la Skania, na mwaka 1983 alionekana Taveta, katika Kenya. Huweza kuruka, lakini safari zake ndefu husafirishwa na sisi wenyewe, ndani ya magunia ya mahindi.

Hasara yake si ndogo. Huko Tanzania ilipimwa, ikaonekana kuwa katika miezi michache ghala jingine lilipoteza hata asilimia 34 ya uzito wa mahindi. Hutoboa muhogo mkavu, mianzi, vibuyu na vyombo vya mti; hata sabuni huitoboa! Kwa sababu hiyo, ghala lililo tupu si ghala lililo salama. Mahindi mapya yakiingia, wale waliobaki katika nguzo hushuka wakala.

Basi kabla ya mavuno ghala na liondolewe kila kitu, lifagiliwe, na magunzi ya zamani yachomwe moto. Kila mti utazamwe: ukiwa na vitundu vya mviringo vitoavyo unga, utolewe, uchomwe, wala usiwekwe kuwa kuni kando ya nyumba. Miti iliyobaki ipigwe dawa ya ghala.

Mahindi nayo yakaushwe sana, kisha yapukuchuliwe. Dumuzi hupenda gunzi, kwa kuwa punje zilizobanana humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa. Punje zilizo huru humponyoka. Dawa ya fukusi yenye pirimifosi-methili peke yake haimtoshi. Itakiwayo ni ile iliyochanganywa na pamethrini, nayo hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Awezaye kununua pipa la bati lisilopitisha hewa atakuwa amemnyima dumuzi mti na pumzi pia, mradi mahindi yawe makavu kabisa.

Yuko pia mdudu mdogo mweusi alaye dumuzi. Aliletwa kutoka Amerika ya Kati akaachiliwa katika Kenya mwaka 1992. Huko porini husaidia, lakini ghalani kazi yake haitoshi kuokoa mavuno, kwa hiyo afisa wa kilimo atakayefika kwako bado atagonga nguzo zako.