Gari Jipya la Wagonjwa na Kona za Manyovu

Barabara itokayo Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, kwenda Manyovu mpakani mwa Burundi huanzia karibu na Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kisha hupanda na kuingia katika milima ya kahawa ya Kalinzi. Ina lami, lakini lami haikuinyoosha. Hujipinda kufuata mabega ya milima, huzama bondeni na kuibuka tena ng'ambo. Kwa abiria mwenye afya, safari hii ni ya kutazama mashamba. Kwa mama aliyejifungua na anayeendelea kutokwa damu, amelala juu ya machela nyuma ya gari, kila kona ni nguvu inayomsukuma ubavuni asiweze kujizuia.

Katika miaka ya karibuni halmashauri nyingi nchini zimepokea magari mapya ya wagonjwa, baadhi yake kwa fedha za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliotangazwa mwaka 2021. Ni neema ambayo wakunga wa zahanati za milimani hawahitaji kuelezwa. Hata hivyo gari jipya lenye nguvu si lile la zamani lililopakwa rangi upya, na dereva aliyetumia miaka kumi kulijua la kwanza huanza upya anapokabidhiwa funguo za la pili. Sherehe za makabidhiano hupewa hotuba na picha. Siku mbili za mazoezi mlimani, gari likiwa tupu, zingefaa zaidi.

Tofauti ya kwanza iko kwenye injini. Injini kongwe ya dizeli isiyo na tabo huongeza nguvu polepole, na dereva huzoea kuikanyagia mafuta mapema ili ipande. Injini yenye tabo husita kidogo, kisha nguvu huja kwa mkupuo. Dereva akikanyaga kwa mazoea ya zamani katikati ya kona, nguvu hiyo humfikia wakati usukani bado umepinda, na nyuma ya gari muuguzi aliyekuwa akitafuta mshipa huikosa sindano.

Tofauti ya pili, na ya hatari zaidi, ni breki. Madereva wengi walifundishwa kuipampu breki kwenye utelezi ili magurudumu yasijifunge. Magari mapya mengi yana mfumo unaoifanya kazi hiyo wenyewe, kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauifikii. Mfumo huo unamtaka dereva akanyage kwa nguvu na ashikilie. Wakati huo kanyagio hutetemeka chini ya mguu, na asiyeambiwa hudhani breki imeharibika, akaachia pale pale ambapo hakupaswa kuachia. Mfumo huu pia una mipaka yake. Juu ya changarawe au tope la masika, gari lenye breki za namna hii linaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Barabara nyingi zinazoacha lami na kuingia vijijini ni za namna hiyo, na humo kinga pekee ni mwendo mdogo tangu awali.

Kuendesha kwa magurudumu manne nako kumewapotosha wengi. Humsaidia dereva kuondoka katika tope, lakini hakumsaidii hata kidogo kusimama. Tena katika magari ambayo mfumo huo huwashwa kwa hiari, kuuacha umewashwa juu ya lami kavu hufanya usukani uwe mzito kwenye kona na huumiza mitambo.

Hesabu ya kona ni fupi, na inafaa ijulikane hata na wasioshika usukani. Nguvu inayomsukuma mgonjwa pembeni hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Chukua kona ambayo mduara wake una nusu kipenyo cha mita 50, na mama mwenye uzito wa kilo 60. Gari likipita kwa kilomita 30 kwa saa, husukumwa kana kwamba amewekewa ubavuni mzigo wa kilo 8 na nusu. Kwa kilomita 40, mzigo huo ni kilo 15. Kwa kilomita 60 unafika kilo 34, zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe. Kwa nyonga iliyovunjika, hapo damu iliyokuwa imeanza kuganda hupata sababu ya kutoka tena. Gari lenyewe, refu na lenye vifaa hadi juu, huanza kuegemea matairi ya upande mmoja.

Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, na gia huchaguliwa hapo hapo. Ndani ya kona mguu hutulia, macho hutazama mahali gari litakapotokea badala ya ukingo wa korongo, na mafuta huongezwa taratibu usukani unapoanza kurudi. Katika kuteremka, gia ndogo ndiyo hubeba gari. Breki inayoshikiliwa mteremko mzima hupata moto hadi ikaacha kushika, na gari linaloshushwa bila gia, eti kuokoa mafuta, limewekewa breki peke yake kazi ya vitu viwili.

Mwili wa mgonjwa nao una sheria zake. Kutoka Kalinzi kwenda mjini safari kwa ujumla ni ya kuteremka, na mgonjwa hulazwa kichwa kikielekea mbele. Maana yake kichwa kinakuwa chini kuliko miguu, japo kwa nyuzi chache, na kila breki kali huisukuma damu kuelekea kichwani. Aliyejeruhiwa kichwa na anayepumua kwa shida, wakiruhusiwa na hali zao nyingine, wainuliwe upande wa kichwa wa machela kabla gari halijaondoka. Mjamzito wa miezi ya mwisho alazwe kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa akilala chali mfuko wa uzazi huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, naye huweza kuzirai bila kona yoyote. Mkanda wa machela ufungwe. Wa muuguzi pia, ingawa ndio unaosahaulika zaidi, na mtungi wa oksijeni usiofungwa ni wa kuogopwa kuliko korongo.

Ndugu wa mgonjwa huliona jambo hili kwa macho mengine. Mwanao au mkeo anapoishiwa nguvu mbele yako, neno linalokuja mdomoni ni moja: "Kanyaga!" Na hofu hiyo ina msingi, kwani mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili asipopata tiba. Lakini mwendo unampunguzia kiasi gani cha safari? Katika kilomita 40 za milima, dereva anayetoka wastani wa kilomita 40 kwa saa na kufikia 50 huokoa dakika 12, tena akiwa amekaribia mpaka wa kile ambacho kona zinaruhusu. Dakika nyingi kuliko hizo hupotea kabla ya injini kuwashwa, watu wakijadiliana nyumbani kama waondoke, na baada ya kuzimwa, chumba cha upasuaji kikiwa hakijaambiwa lolote. Sindano ya oksitosini na dripu vilivyotolewa zahanati, pamoja na simu iliyopigwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni gari likiwa bado mlimani, hufanya kazi ambayo injini haiwezi.

Mwaka 1869 David Livingstone, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu, alifikishwa Ujiji akiwa taabani kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kubebwa kwa machela na msafara wa mfanyabiashara Muhammad Bogharib na kuvushwa ziwa kwa mtumbwi. Machela haijaondoka milimani. Bado hutangulia gari pale njia inapokwisha. Vijiji vingine vya mwambao havina barabara hata ya kulalamikia, na rufaa yao huanza kwa mashua.

Ndiyo maana dawa bora ya kona ni kutozipita kabisa. Tangu mwaka 2006, mradi wa afya ya uzazi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies ulisaidia vituo vya afya vya Kigoma kuanza kufanya upasuaji wa kujifungua karibu na wananchi, na mama aliyepasuliwa kituoni kwake hakuhitaji safari hiyo. Kwa wanaoihitaji, mpango wa m-mama, ulioanza kupelekwa nchi nzima mwaka 2022, huwaunganisha wajawazito, wazazi na watoto wachanga na usafiri kwa simu ya bure namba 115, ukitumia magari ya wagonjwa na madereva wa jamii. Madereva hao wa jamii pia wana kona zao, na mafunzo haya ni yao vilevile.

Kuhusu uchovu, utafiti wa Dawson na Reid wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe ya kutosha kufikisha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri huifikia hali hiyo saa nne usiku, na rufaa za usiku ndizo zinazomsubiri. Mganga mfawidhi anayepanga zamu za wauguzi anaweza kupanga na ya dereva katika karatasi hiyo hiyo.

Mazoezi yenyewe hayahitaji gharama kubwa. Beseni la maji nusu liwekwe juu ya machela, gari lipande kutoka Mwandiga na kurudi, mchana na hali ya hewa ikiwa nzuri, na kiasi kilichomwagika kipimwe. Safari ya pili beseni litolewe, dereva alale mwenyewe juu ya machela, afungwe mkanda, na mwenzake ashike usukani.