Kamba ya ku shimo: juu ya nini polisi anasema «hapana kugusa»

Saa kumi na mbili ya asubuhi, ku kariere. Wachimbaji wawili waliingia mu shimo usiku. Mumoja amepanda, mwengine amebaki chini, hapumui tena. Kamba imekatika. Kisha dakika kumi watu wamejaa: wachimbaji wenzake, wamama wenye kuuzisha mikate, watoto. Mumoja anashuka kutosha maiti. Mwengine anaokota tochi. Wa tatu anafungua kamba na kuenda nayo ku shimo yake, maana kamba ni franga. Mama ya marehemu akifika na kilio, neno moja tu linazunguka: «Ule mwenye alipanda, njo alimuuza mwenzake.»

Mambo ya namna hii tunayajua, ikuwe Kolwezi, Likasi ao Kipushi. Polisi akifika anakuta shimo tupu, nyayo mia, na kijana mumoja mwenye kupigwa. Ataandika nini?

Kamba ile ingeweza kusema. Kamba yenye kuzeeka inakatika uzi kwa uzi, ncha yake inakuwa kama manyoya. Yenye kukatwa na kisu, ncha yake iko sawasawa. Ya kwanza inaonyesha ajali, ya pili inaonyesha mukono wa mutu. Lakini ikisha kufungwa ku shimo ingine, hakuna tena wa kuiuliza.

Kazi ya polisi wa kwanza

Polisi mwenye kufika mbele ya wengine hana kazi ya kutafuta mwuaji. Kazi yake ni hii: kama mutu angali muzima, aokolewe kwanza, hata kama alama zinapotea. Mu shimo, asiache watu washuke ovyo, maana hewa mbaya yenye kuua mumoja inaweza kuua na watatu wenye kumufuata. Kisha anafunga pahali pale na kamba ao matawi, anarudisha watu nyuma, anaandika majina ya wenye waliingia na ya wenye waliona. Mvua ikikaribia, anafunika na bashi. Yeye mwenyewe pia hapana kugusa, hapana kuvuta sigara pale, hapana kuweka kitu mu mufuko.

Edmond Locard, Mufaransa mwenye alifungua labo ya polisi ku Lyon mu mwaka 1910, alifundisha kama kila mutu mwenye kupita pahali anaacha kitu, na anaondoka na kitu. Watu mia wakipita, alama ya mumoja inazikwa chini ya alama za mia.

Kisha anafika OPJ

Si kila polisi ni OPJ. OPJ njo mwenye sheria inamupa uwezo wa kuandika procès-verbal, ile PV yenye kuenda ku parquet. Sheria hiyo ni ya tarehe 6 Agosti 1959. Kama kosa ni la papo hapo, anaweza kukataza watu waondoke mupaka PV imalizike. Anaweza kuita munganga apime maiti.

Anapiga foto kutoka mbali, kisha karibu, mbele ya kitu chochote kusogezwa. Anachora shimo na kupima urefu. Nguo yenye damu inakaushwa na kuwekwa mu karatasi, hapana mu plastiki, maana ndani ya plastiki inaoza. Juu ya kila kitu anaandika: kilitoka wapi, saa ngapi, nani alikishika. Jina moja likikosekana, avoka atauliza ku tribinali: «Nani anajua kama kamba hii njo ile?»

Na sisi?

Baba na mama, kuosha marehemu na kumulaza vizuri ni heshima, hakuna mwenye anakataza. Lakini tungojee munganga na OPJ wamalize. Kama mulisha kumutosha mu shimo, semeni wazi: nani alimubeba, alilala upande gani, mukono ulikuwa wapi. Polisi hatakasirika, atakasirika akidanganywa. Mwenye telefone apige foto mbele ya kusogeza kitu, aiweke kwa ajili ya OPJ, hapana kuituma kila pahali.

Na ule kijana mwenye alipanda? Tumutie mu mikono ya polisi, hapana ya batu. Katiba, artikle 18, inasema mutu hakamatwi na polisi kupita saa 48: kisha, aachiliwe ao atiwe mu mikono ya otorite ya sheria yenye uwezo. Inasema tena aelezwe mara moja, mu luga anayosikia, juu ya nini wamemukamata.

Kama ni yeye alikata kamba, ncha ya kamba itamufuata. Kama si yeye, kamba ile ile njo itamuokoa, na mama ya marehemu atajua namna mutoto wake alikufa. Basi, siku ile, tuache kamba pale inalala.