Vidimbwi vya Barafuni: Makazi ya Viumbe Yanayotoweka

Vidimbwi vidogo vya maji juu ya barafu ya milimani huanzia kwenye vumbi jeusi linaloletwa na upepo. Vumbi hilo hufyonza joto la jua, huyeyusha barafu iliyo chini yake na kuacha kitundu chenye maji. Humo mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nao wanyama wasioonekana kwa macho huula pamoja na bakteria.

Barafu ya Mlima Kilimanjaro, ambako viumbe wa aina hiyo wamebainika, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Mwaka 2022, UNESCO ilitahadharisha kuwa huenda itatoweka ifikapo 2050. Ikitoweka, viumbe hao watakosa makazi.