Kifaransa Chatufaa Nini?

Wako wazee wa Tanga na Pangani waulizao, "Mtoto wa pwani ajifunze Kifaransa kwa nini? Kiswahili ni chake, na Kiingereza afundishwa shuleni. Lugha ya tatu si mzigo tu?" Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu.

Mwaka 1868 mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo, katika pwani hii yetu, kusini ya Pangani. Mwaka 1879 padre kijana wa shirika hilo, jina lake Charles Sacleux, alifika Unguja. Huyu hakuona haya kuwa mwanafunzi wa wenyeji. Muda wa miaka mingi alikusanya maneno ya Waswahili, pamoja na majina ya miti na majani, maana alikuwa mjuzi wa mimea. Tena alipambanua usemi wa Unguja, wa Mvita, wa Amu na wa Mrima. Wala hakuwasahau watu wa Mtang'ata, ambao kwao ni Tongoni na pwani iliyo kusini ya mji wa Tanga. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000, ilipigwa chapa Paris katika miaka ya 1939 na 1941. Mwenyewe alikufa mwaka 1943.

Sasa fikirini, wanafunzi. Maneno ni yetu, lakini maelezo yake ni ya Kifaransa. Mtoto wa Tongoni akikifunua kitabu hicho ataliona neno la babu yake, asiweze kusoma lililoandikwa juu yake. Amekuwa kama mtu aliyerithi kasha, na ufunguo uko kwa jirani.

Wala faida si ya vitabu tu. Komoro iliyo baharini, na Burundi na Kongo zilizo bara, zote zatumia Kifaransa katika kazi za serikali. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kifaransa na Kiswahili ziwe lugha rasmi za Jumuiya. Mfanyi biashara asomaye mwenyewe hati ya mwenziwe hadanganywi upesi.

Wengine huogopa kwamba lugha ya kigeni itaiua ya nyumbani. Lakini Sacleux hakukipoteza Kifaransa kwa kujua Kiswahili. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi ajifunzaye Kifaransa kwa bidii ataweza kurudi na maelezo yale, ayafasiri kwa Kiswahili, na kumsomea bibi yake aliye Tongoni. Naye bibi, aliye mwenye lugha, atasema kama padre yule alisikia sawasawa au sivyo.