Walimu Wawili wa Makerere

Wananchi wa Visiwani humtaja Mzee Aboud Jumbe kuwa ni Rais wa pili wa Zanzibar, wakasahau kwamba kabla ya Ikulu alikuwa mwalimu. Ualimu aliusomea Makerere katika miaka ya 1940, chuo alichosoma pia Mwalimu Nyerere, 1943 hadi 1945.

Tarehe 5 Februari, 1977, vyama vya walimu hao, ASP na TANU, viliungana, ikazaliwa CCM. Januari 1984 walihitilafiana juu ya muundo wa Muungano, Jumbe akajiuzulu.

Kumkumbuka kwa kikao kile cha Dodoma tu si haki. Katiba ya Zanzibar ya 1979 na Baraza la Wawakilishi la 1980 ni matunda ya uongozi wake. Alifariki Agosti 14, 2016, nyumbani kwake Mji Mwema, Dar es Salaam.